Kiswahili cha Mayu

Jumapili, 4 Mei

Mama mkwe amekuja. Ameshuka stendi ya Bariadi, kuku mkononi, mkeka kichwani. Tulipomaliza kusalimiana akaniambia kwa Kisukuma, "Nimekuja unifundishe Kiswahili."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mayu, yaani mama, ndivyo ninavyomwita kama wanavyomwita wanawe, ameishi kijijini Bukundi maisha yake yote na Kisukuma chake tu. Kiswahili anakisikia redioni na kwa bwana shamba. Anaelewa kidogo, lakini kinywa chake hakijawahi kukibeba. Na mimi si mwalimu ambaye angemchagua. Kwetu ni Lamadi, watu wa samaki. Aliposikia mwanawe Masalu anataka kuoa huko, wanasema aliuliza, "Hao wana ng'ombe, au wana nyavu tu?" Hakuja kwenye posa, hakuja harusini.

Sababu ya safari yake naijua. Mume wangu Masalu yuko kizuizini ng'ambo, mwaka wa tano huu. Alikwenda nchi ya mbali kufanya ufundi wa jenereta, vita vikaingia, na usiku mmoja askari wa taifa kubwa wakavamia nyumba aliyopanga na mafundi wenzake. Walikuwa wanamtafuta mpangaji mmoja. Wakawachukua wote. Hajashtakiwa kwa lolote mpaka leo. Wanamwita mfungwa wa vita, mtu ambaye silaha aliyowahi kushika ni spana.

Kila baada ya miezi kadhaa tunapewa dakika ishirini za kuonana naye kwenye kompyuta, hapa kwenye ukumbi wa parokia. Kuna mtu anasikiliza upande ule. Kiswahili anakijua, Kisukuma hakijui, na asichokielewa anakikata. Januari baba mkwe wangu, Mzee Mboje, alifariki. Februari Mayu alikuja kumwambia Masalu. Akasema, "Ng'wanone," yaani mwanangu, akaongeza maneno mawili matatu ya Kisukuma, kioo kikawa cheusi. Nilitaka simu inayofuata niseme mimi. Akakataa kabisa: mtu haambiwi kifo cha baba yake na mkewe wakati mama yake yupo.

Kwa hiyo Masalu bado anatuma salamu kwa marehemu kupitia mawakili wake. Na mimi naandika hapa kila siku niwezayo, ili tukipewa hizo dakika nisisahau ya kumwambia.

7 Mei

Pamba imefunguka vizuri. Tumeanza kuchuma shamba letu la nje ya mji, na somo tunalifanyia humohumo, kila mtu kwenye mstari wake.

"Sema: mtoto wangu."

"Kitoto wangu."

"Mtoto wangu, Mayu. Kitoto ni kidogo."

"Sasa si ni kidogo? Mimi ndiye nilimzaa."

Binti yangu Flora alicheka mpaka akakaa chini. Mayu akamrushia pamba usoni, na mimi nikainama kwenye mti wangu ili asione nacheka.

9 Mei

Amenikosoa ugali mbele ya jirani. Mwepesi mno, ati wa kulia dagaa.

13 Mei

Leo Precious amepiga simu. Ni wakili wa Mwanza, binti mdogo kwangu, anayeshirikiana na mawakili wa kule wanaomtetea Masalu bila malipo. Alisema polepole, kama mtu anayevuka tope. Bodi ya walewale waliomshika imekaa na kuona kwamba Masalu hana hatari kwa mtu yeyote. Anaweza kuachiliwa.

Nilipiga kelele pale pale kwenye kibanda changu cha kushonea, fundi wa cherehani ya pili akaacha kushona. Precious akaniambia ningoje. Kuachiliwa si kurudi nyumbani. Kwa kuwa ni mfungwa wa vita, anapopelekwa anapaamua rais wao, kwa makubaliano na nchi yoyote itakayokubali kumpokea. Mawakili wameomba arudishwe kwao Tanzania. Wamejibiwa neno moja tu, usalama, bila maelezo. Sasa wameenda mahakamani.

Nilimweleza Mayu jioni. Aliniuliza kama nina hakika nimeelewa vizuri. Nikamwambia hapana.

18 Mei

Mvua ya nje ya msimu. Pamba iliyofunguka imelowa na kushuka kama kondoo walionyeshewa. Tumeanua tuliyoichuma, tukaitandaza chumbani kwangu. Mayu na Flora wamelala sebuleni, mimi juu ya pamba.

19 Mei

Mvua tena.

23 Mei

Precious amekuja mwenyewe kwa basi kutoka Mwanza, na nilipomwona tu nikajua. Habari njema hupigwa simu.

Tulikaa uani. Mayu alikuwa anamenya karanga, nami nikawa namtafsiria.

"Jaji amesema nini?" nikauliza.

"Kwamba hana hatari, hilo halibishaniwi. Tuliomba asipelekwe nchi asiyoijua kabla ya kusikilizwa. Jaji amesema wakati wa vita, kumkabidhi mfungwa kwa nchi nyingine ni mamlaka ya rais. Mahakama haiwezi kumuuliza kwa nini kule na si huku. Nchi inayompokea ikiahidi kwamba haitamtesa, inatosha."

Mayu akasimamisha mikono. "Vita yenyewe si ilikwisha?"

"Redio zinasema ilikwisha, bibi. Sheria yao inasema bado."

"Nani wa kusema imekwisha?"

"Rais huyo huyo."

Mayu alimenya karanga kadhaa kabla ya kusema tena. "Mimi nikimtoa ng'ombe, namwambia anayempokea: huyu anaitwa fulani, hapendi kukamuliwa na mgeni, kwato yake ya nyuma inamsumbua. Huyo mkubwa anajua Masalu ni mtu wa namna gani?"

Precious alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha kichwa. Niliona machozi machoni mwake. "Hamjui, bibi," alisema. "Wala hatamwona."

 Mayu alichukua karanga zote alizokwisha menya, akazifunga kwenye kipande cha kanga, akampa asafiri nazo. Nikasikia uchungu, kisha nikasikia kitu kingine, kwamba huyu mama ninayeogopa kumtazama usoni ndiye aliyeuliza maswali yote niliyoshindwa kuyauliza mimi.

27 Mei

Nimeshona sare za shule za watu. Nimekosea mikono miwili.

30 Mei

Tumepewa simu ya Jumamosi, tarehe 7.

Mayu hali vizuri. Anatembea uani akijisemea. Nimempa maneno: *amefariki, tumemzika, pole*. "Amefariki" linamkwama. Anasema linateleza kama samaki, halafu ananitazama, akakumbuka kwetu ni wapi, akanyamaza. Ni mara ya kwanza namwona akiona aibu kwa ajili yangu.

Nikamwambia, "Mayu, siku ile ukikwama niachie mimi."

"Nikikwama, nishike mkono. Usinisemee."

3 Juni

Leo alinieleza Mzee Mboje alivyokufa, mambo ambayo sikuyajua ingawa nilikuwa mazikoni. Tulikuwa tunachambua pamba, safi huku, chafu huku. Alisema usiku wa mwisho mzee aliuliza kama Masalu amefika. Akamjibu ndiyo, amefika, yuko nje anawafungia ng'ombe. Mzee akasema, "Mwambie mlango wa zizi ni mbovu." Hakusema tena.

"Nilimdanganya," alisema Mayu.

"Ulimlaza, Mayu."

 Tukaendelea kuchambua.

7 Juni, Jumamosi

Naandika jioni.

Tulifika ukumbini mapema. Mayu alivaa gauni la kanisani na kilemba kipya. Precious alikuwa ameunganisha mitambo yake. Kioo kikawaka, na Masalu akatokea kwenye kiti, ndevu zimeingia mvi ambazo sikuzijua. Nilikuwa na mambo mengi: mvua, sare za shule, jino la Flora lililong'oka. Nikasema tu hujambo, nikampisha mama yake, kwa sababu dakika ni chache.

Mayu aliegemea mbele. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, "Masalu! Mtoto wangu! Hujambo?"

Masalu alifungua mdomo akashindwa kuufunga. Hajawahi kumsikia mama yake akisema lugha hiyo.

"Sijambo, mama! Nani kakufundisha?"

"Mke wako. Sasa sikiliza mimi. Baba yako..." Neno lilikuwa limeteleza. Nililiona likimponyoka, midomo yake ikilitafuta. "Baba yako amelala."

Masalu akacheka, cheko la furaha kabisa. "Saa hizi? Mwamsheni basi nimsalimie!"

Mungu wangu. Mkono wa Mayu ukaja ukautafuta wangu chini ya meza. Nikaushika. Nilikuwa na neno lile kwenye ulimi, nikalimeza, kwa kuwa ndivyo alivyoniomba.

Mayu akavuta pumzi. "Hataamka," alisema. "Mwanangu, baba hataamka. Mwezi wa kwanza. Tumemzika Bukundi, karibu na zizi. Watu walikuja wengi. Aliuliza wewe. Nilimwambia umefika."

Yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hayo ya mwisho hatukuwa tumejifunza. Aliyatoa wapi, sijui.

Masalu alikuwa bado ana tabasamu. Lilichukua muda kuondoka usoni. Kisha akainamisha kichwa mpaka tukaona utosi wake tu, na akaanza kulia, "Baba! Baba! Baba!" Nikaingiwa na hofu kwamba Kisukuma kitamtoka na watakata. Lakini neno hilo ni lile lile huku na huku, Kisukuma na Kiswahili, hakuna wa kumnyang'anya. Akalia alivyotaka. Mayu naye akamlilia kwa neno hilo hilo, na mimi, na Precious aliyesimama kando akageukia ukutani.

Hatimaye sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kompyuta, sauti ambayo hatujawahi kuisikia. Kiswahili laini cha pwani. "Poleni sana, mama," ilisema. "Poleni na msiba. Dakika zimebaki tatu."

Huyo ndiye aliyekuwa akitusikiliza miaka yote. Mayu akamjibu, "Asante, baba," kama angemjibu mtu yeyote aliyekuja matangani.

Zile dakika tatu Masalu alizitumia kumwambia mama yake asilale peke yake. Kwangu alisema, "Bene, asante kwa huyu mama." Nikamuuliza kama anajua anapelekwa wapi. "Hawajaniambia kitu," alisema. Ndipo simu ikakatika, dakika zilipokwisha.

Tulipotoka nje Mayu aliniomba tukae kidogo kwenye ngazi za kanisa. Akaegemeza kichwa chake begani kwangu, kile kilemba kipya kikanipanda shingoni. Tulikaa hivyo mpaka watu wa kwaya wakaja.

11 Juni

Ameninyamazia siku tatu, si kwa hasira. Leo asubuhi ameniita "ng'wanone" kuniomba chumvi.

20 Juni

Tumepeleka pamba kwenye chama cha ushirika. Foleni ndefu, vumbi, jua. Mayu amegombana na karani kuhusu mzani, kwa Kiswahili.

2 Julai

Precious amepiga. "Dada Bene, Masalu hayupo tena kule." Mawakili walikwenda kumwona kama kawaida, wakaambiwa amehamishwa. Wapi? Watajulishwa. Lini? Amekwisha ondoka. Hawakuarifiwa wao wala sisi, na pengine hata yeye mpaka alipoona ngazi ya ndege.

Mayu alikaa chini palepale alipokuwa.

3 Julai

Hakuna habari.

4 Julai

Hakuna. Nafunga kibanda mapema. Mayu hasemi Kiswahili wala Kisukuma. Anasuka nywele za Flora, anazifumua, anasuka tena. Nimempikia ugali mgumu kama anavyoupenda, akala matonge mawili kwa ajili yangu.

Mwizi akiiba ng'ombe, alisema Mayu hatimaye jioni, unafuata nyayo. Mwanangu amepitishwa hewani.

6 Julai

Amepatikana! Yuko nchi moja ndogo ya milima na baridi, ambayo sikuwahi kuisikia. Flora aliitafuta kwenye atlasi ya shule, tukaiona, ndogo kuliko ukucha wake. Precious anasema hayuko gerezani. Amepewa chumba mjini. Anaripoti polisi kila wiki, na hatapewa pasipoti kwa miaka miwili. Baada ya hapo wataona. Ndivyo wakubwa wawili walivyokubaliana.

Nimefurahi na nimekasirika, na vyote viwili vinakaa kwenye kifua kimoja.

10 Julai

Simu ya mtandaoni iliita nikiwa nashona, namba ndefu ya ajabu. Nikaikata, nikajua ni matapeli. Ikaita tena, nikakata tena. Mara ya tatu nikapokea ili nimtukane mtu.

"Bene, mbona unanikatia?" akasema Masalu.

Nilidandia bodaboda mpaka nyumbani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mayu aliishika simu kwa mikono miwili, akauliza kwanza kwa Kiswahili, kwa tahadhari, "Nani anasikiliza?"

"Hakuna mtu, mayu. Niko peke yangu chumbani."

Loo! Kisukuma kilivyomwagika! Ng'ombe kwa majina yao, nani amezaa, nani amekufa, mdogo wake Mayala alivyoangalia mifugo, mazishi yote tangu kilio cha kwanza. Walilia, wakacheka, bando likaisha, nikaongeza, likaisha tena.

Kisha Masalu akaniomba mimi. "Bene," alisema, "Precious ameniambia mke na mtoto wanaweza kuomba kuja. Lakini sikulazimishi. Umekaa miaka mitano kama mjane. Huku ni baridi, sina kazi, sijui hata kusema mkate. Ukitaka maisha mengine, sitakulaumu mbele ya mtu yeyote."

Nilimwambia ale kwanza, aniulize siku nyingine.

13 Julai

Ukweli ni kwamba naogopa. Nilimpenda fundi wa miaka thelathini aliyekuwa akiimba kwenye pikipiki. Huyu mwenye mvi simjui bado, na yeye hamjui mwanamke mwenye kibanda na mafundi wawili. Na Mayu je? Ametoka kuzika mume.

20 Julai

Mayu alisikia yote siku ile, na hasemi kitu. Nina hofu ataniambia nenda, lakini Flora mwache. Ni damu ya kwao. Namwona akimtazama mtoto anapolala.

27 Julai

Leo, tukitoka misa ya kwanza, ameniambia, "Andaa nguo. Jumamosi tunakwenda kwenu Lamadi." Sikuthubutu kuuliza kwa nini.

2 Agosti, Lamadi

Baba yangu, Mzee Elia, alipomwona Mayu akishuka kwenye gari alifunga vifungo vya shati mpaka juu. Mama alihangaika, akitaka kutuma mtu akanunue nyama. Mayu akauliza kama nyumba hii haina samaki. Akaletewa sato mzima, akamla pande zote mbili, polepole, miiba akiipanga ukingoni mwa sahani, na alipomaliza akasema wabeja, asante.

Ndipo akaomba wazee wakae.

"Mara ya kwanza sikuja," alisema. "Walikuja wanaume, wakaongea ng'ombe, wakaondoka na binti yenu. Mimi nilibaki nyumbani nimenuna. Leo nimekuja mwenyewe. Mwanangu ametupwa mahali mbali, na aliyemtupa hakutuuliza. Hawezi kuja kwa mkewe. Naomba binti yenu amfuate, yeye na mtoto wao, wote wawili. Mtoto asitengwe na mama yake kwa ajili yangu."

Akakunja vizuri upindo wa kanga yake.

"Na akikataa, hajanikosea. Nyumba ya Bukundi ni yake. Atabaki kuwa mwanangu. Hilo nalisema mbele yenu ili lisije likageuzwa."

Baba alikuna kidevu muda mrefu. "Mama Masalu," alisema, "umeniomba vizuri. Lakini mimi si wa kujibu. Tumuulize mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Tangu siku walipomchukua Masalu, mambo yangu yameamuliwa na watu ambao sijawahi kuwaona, kwa lugha yao, kwenye vyumba vyao, na hakuna aliyewahi kunigeukia hivyo akangoja. Baba alingoja. Mama alingoja. Mayu aliangalia mikono yake ili macho yake yasinisukume.

Niliweka beseni chini.

"Nitakwenda," nilisema.

Mama yangu ndiye aliyelia. Mayu alisema tu, "Haya," akaomba maji ya kunawa, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kumpa.

16 Agosti

Picha za pasipoti. Flora ametoka amefumba macho, tumerudia.

29 Agosti

Kibali kimetoka! Precious alipiga kelele kwenye simu kuliko mimi. Tunaondoka katikati ya Septemba. Kibanda nimemwachia Rhoda, fundi wangu wa siku nyingi. Miti ya pamba tumeing'oa na kuichoma, kama ilivyo kila baada ya mavuno.

31 Agosti

Mayala amekuja kumchukua mama yake. Stendi Mayu alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, kisha Flora. Akamwambia mjukuu wake amtunze mama. Akapanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili ili asituone. Nikazunguka basi nikasimama chini ya dirisha lake, akanikuta palepale, akacheka na kufuta macho. Tulishikana vidole mpaka dereva akapiga honi.

Nimerudi nyumbani kimya kabisa. Nimemwandikia Masalu tarehe ya ndege. Nilitegemea maneno makubwa. Amejibu: "Huku viatu ni lazima, theluji inaanza mapema. Flora anavaa namba ngapi?"

Alipoondoka mtoto alikuwa hajaanza kutembea.

Nimemwita Flora kutoka uani, nikamketisha kwenye kigoda, nikafuta vumbi mguu wake, nikaanza kupima.